Anayengoja Naye Yuko Mbioni

Hotuba kwa wakimbiaji na familia zao, Lubumbashi, kabla ya mbio za porini za wawili wawili

Papa mwenyekiti, wazee wetu mlioketi mbele, mama zetu mliokuja kujua watoto wenu wanakwenda kutafuta nini porini usiku, na ninyi vijana mtakaokimbia Jumamosi: habari zenu wote. Aksanti sana kwa kunikaribisha.

Nimeombwa nizungumze juu ya afya kwa sababu ni muuguzi, na juu ya kukimbia wawili kwa sababu mbio hizi nazikimbia na mdogo wangu. Nitayasema yote mawili kwa pamoja, maana kwenye mbio za namna hii hayatengani.

Mpango mnaujua. Kilomita 80, vipande vinane vya kilomita kumi kumi, kitambaa cha kitenge kinahama kutoka mkono huu kwenda mkono ule. Anayekimbia yuko njiani, mwenzake yuko hemani. Sasa tupige hesabu pamoja. Njia zetu zina mchanga, mizizi na miinuko midogo midogo isiyokwisha. Mkimbiaji wa kadiri, kipande kimoja kitamchukua saa moja na robo, na gizani zaidi kidogo. Vipande vinne ni saa tano. Na mwenzako naye ana vinne vyake, kwa hiyo nawe utangoja saa tano. Tangu mvua zikatike mmejizoeza zile saa tano za kukimbia: mmepanda, mmeshuka, mmeamka alfajiri kabla ya kazi na kabla ya masomo. Nauliza, na ninaomba kila mtu ajijibu moyoni: hizi saa tano za kungoja, nani amejizoeza?

Hilo ndilo neno nililokuja nalo. Anayengoja naye yuko mbioni. Naamini mbio za wawili watu wanazishinda au wanazipoteza pale hemani kuliko mahali pengine popote, na bado hapo ndipo tunapopaangalia kidogo.

Sisi ni watu wa mpira, mji wa Mazembe na Lupopo, tunajua mchezaji wa akiba anavyofanya. Hatoki benchi akaingia uwanjani moja kwa moja. Dakika kumi kabla, mnamwona pembeni ya mstari anapiga magoti juu, ananyoosha mapaja, macho yake yako kwenye mchezo. Ninyi mtakuwa wachezaji wa akiba mara nne usiku mmoja, na kocha wa kuwaambia "inuka" hayupo. Yupo mwenzako tu, naye yuko kilomita sita ndani ya pori.

Nianze na mwili. Kwenye mbio ndefu duniani, wahudumu wa afya wameona kwamba wakimbiaji wengi wanaoanguka hawaanguki njiani. Wanaanguka wakishavuka mstari wa mwisho. Sababu iko kwenye shavu la mguu. Unapokimbia, kila hatua misuli ile inakaza na kusukuma damu irudi juu moyoni. Ukisimama ghafla, msukumo unakatika, damu inabaki miguuni ambako mishipa bado imepanuka, presha inashuka, kichwa kinakuwa chepesi, macho yanaingia giza. Mtu wa marathoni anakutana na hatari hii mara moja, akapumzike nyumbani. Ninyi kila kipande kina mstari wake wa mwisho, na baada ya huo kuna kipande kingine.

Kwa hiyo ukishampa mwenzako kitambaa, usikae. Najua kiti kinavyoita saa ile. Tembea. Zunguka hema, nenda mpaka kwenye magari na urudi, dakika tano hadi kumi, unakunywa kidogo kidogo. Na mkimwona mtu amedondoka hapo penye kupokezana, msimwinue kumkalisha kitini kama tunavyopenda kufanya kwa heshima. Mlazeni chini, miguu iwe juu kuliko kichwa. Wengi wanarudi wenyewe baada ya muda mfupi. Asiporudi, au akianza kusema maneno yasiyoeleweka, hapo jambo ni jingine, niiteni mbio.

Halafu baridi. Wageni wakisikia Kongo wanafikiri joto tu, lakini sisi tuko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa mwezi wa sita na wa saba baridi yetu inashuka chini ya nyuzi 10. Ukifika kutoka kwenye kipande umechemka, fulana imelowa, hutaisikia. Baada ya robo saa utaisikia yote kwa pamoja. Mdogo wangu ana utaratibu wake ambao mimi nimeuiga: anavua fulana iliyolowa kabla hajasema neno lolote, anajipangusa kwa taulo kuukuu, anavaa kavu, kofia ya sufu kichwani, soksi kavu, ndipo anauliza chakula kiko wapi. Nimeona vijana wenye nguvu kumzidi wakibaki na fulana ya klabu iliyolowa kwa sababu ina jina lao mgongoni. Walipoitwa kwa kipande cha tatu, meno yalikuwa yanagongana na mapaja yamekuwa mbao. Leteni fulana za zamani, nyingi. Mtumba wa sokoni unatosha.

Chakula. Akiba ya sukari iliyomo kwenye misuli na ini inatosha kukimbia kwa nguvu saa moja na nusu, mbili hivi. Maana yake kipande cha kwanza utakimaliza kwa akiba hata kama hujala kitu, na utajiona simba. Cha pili kitakuambia kama ulikula. Wataalamu wanashauri gramu 30 hadi 60 za wanga kwa kila saa ya juhudi, na ndizi moja iliyoiva ina gramu 25 hivi. Basi mnaona kwamba ndizi moja usiku kucha ni mchezo. Kula ndani ya nusu saa ya kwanza baada ya kufika, ili tumbo lipate muda wa kufanya kazi kabla hujaondoka tena. Viazi vitamu vya kuchemsha, mkate, uji mwepesi, chai yenye sukari ya kutosha. Munkoyo, kile kinywaji chetu cha mahindi, kwa aliyeuzoea, ule wa siku hiyo hiyo ambao haujakolea. Bukari, yaani ugali, na samaki, mama zangu, najua ndiyo roho yetu, lakini tuviweke kwa ajili ya asubuhi. Tumbo lililojaa bukari halikubali kutikiswa kilomita kumi, na maharage ndiyo kabisa.

Maji yachemshwe, yote, hata ya kusukutua. Vijito vya huko mnavyovuka ni vizuri kwa macho tu. Mji wetu unaijua kipindupindu, sihitaji kueleza. Lakini kuna upande mwingine ambao vijana hawaambiwi: maji yanaweza kuzidi. Kwenye marathoni ya Boston ya mwaka 2002 watafiti walipima damu ya wakimbiaji 488 mwishoni, wakakuta asilimia 13 chumvi ya damu imeshuka kuliko kawaida, na wengi wao ni waliokunywa mno, hata wakaongezeka uzito njiani. Chumvi ikishuka sana ubongo unavimba, na hapo mtu anaweza kufa akiwa amejaa maji. Kunyweni mkisikia kiu, na kwenye chakula cha hemani muwe na kitu chenye chumvi: karanga zilizokaangwa na chumvi, supu. Anayengoja aangalie vidole vyake. Pete ikianza kukaza, mkanda wa saa ukiacha alama, kichwa kikauma na kichefuchefu kikaja, acha kunywa maji matupu na uje kwangu. Anayeharisha au kutapika, huyo nitampa maji ya chumvi na sukari tunayowafundisha akina mama kliniki: lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kufuta juu, visiwe na kilima.

Na dawa za maumivu. Ibuprofeni na diklofenaki zinauzwa kila kona ya kartiye kama peremende. Mwili uliokaukiwa maji, figo zikiwa tayari zinahangaika, ukimeza vidonge hivyo katikati ya mbio unaziumiza. Nasema kama muuguzi, kwa herufi kubwa: hapana. Goti likiuma hata usiweze kukimbia bila kidonge, goti limeshakuambia ukweli, mwambie na mwenzako.

Hapo ndipo tunapofika kwa mwenzako.

Wajapani wana mbio za kupokezana za masafa marefu wanazoziita ekiden. Za kwanza zilikimbiwa mwaka 1917, kutoka Kyoto mpaka Tokyo, zaidi ya kilomita 500, usiku na mchana kwa siku tatu. Leo maarufu kuliko zote ni za Hakone, zilizoanza 1920: vyuo vikuu vinakimbia mwanzoni mwa Januari, siku mbili, watu kumi kila timu, zaidi ya kilomita 20 kwa kila mmoja. Wao hawabebi kijiti, wanavaa mkanda wa kitambaa begani na kupeana. Na wana sheria moja inayoniumiza kila ninapoifikiria: timu ikichelewa kupita muda uliowekwa nyuma ya ile inayoongoza, mkimbiaji anayengoja kituoni anaamriwa aondoke bila kuupata mkanda wa wenzake, anapewa mwingine. Kuna vijana waliofika kituoni na mkanda mkononi, wamejitoa hadi mwisho, wakamkuta mwenzao ameshaondoka. Hasira yao haiwi juu ya barabara. Inakuwa juu ya kutofika kwa mtu aliyekuwa anawangoja.

Kwetu hakuna sheria hiyo, na nawashukuru waandaaji. Kwetu yanatokea kinyume chake, na naona ni vibaya zaidi: anayekimbia anafika, na anayengoja hayupo. Yuko motoni anapiga hadithi, yuko chooni, amelala na hakuna aliyemwamsha. Mwenzake amesimama penye taa, kitambaa mkononi, anaita jina. Kilomita kumi alizozitoa kwa moyo zinamiminika mchangani hapo mbele ya macho yetu. Dakika zilizopotea zinaweza kurudishwa njiani. Ile hali ya kuita na usijibiwe, nimeona watu wawili wakirudi mjini kwenye gari moja bila kusemezana kwa sababu yake.

Basi pateni makubaliano kabla. Anayeondoka aseme atarudi baada ya muda gani, na aseme muda wa kweli, si wa kujisifu. Kama usiku huwa unakimbia saa moja na nusu, sema saa moja na nusu. Anayengoja awe amesimama dakika kumi kabla, viatu vimefungwa, taa kichwani imewashwa na kujaribiwa, mwili umepashwa moto kwa kukimbia taratibu huku na huku. Kila mtu awe na taa yake. Taa ya kuazimana ni taa ya kugombana.

Pale penye hema letu kuna kichuguu kikubwa, vile vichuguu vyetu vya Katanga vinavyopita kimo cha nyumba. Panda juu yake. Kutoka pale unaona njia inavyoshuka hadi kwenye daraja la magogo, na taa za wanaokuja. Baada ya muda utaanza kuzijua. Taa ya mdogo wangu inaruka juu na chini haraka haraka kwa sababu hatua zake ni fupi. Siku amechoka, taa inayumba kushoto na kulia. Nikiiona hivyo, kabla hajafika ninamwambia mtu wa hemani aandae blanketi na chai, na mimi ninajua kipande kinachokuja itabidi nikikimbie kwa akili, nimpe muda mrefu zaidi wa kupumzika. Yote hayo nayasoma nikiwa nimesimama juu ya udongo, sijakimbia hata hatua moja. Ndiyo maana ninasema anayengoja naye yuko mbioni.

Kisha kitambaa chenyewe. Kisifungwe fundo. Ukikimbia muda mrefu vidole vinavimba, na usiku vinakufa ganzi; nimetazama watu wazima wawili wakihangaika na fundo la kitenge lililolowa jasho kama wanaofungua mlango kwa ufunguo usio wake. Kishoneni kiwe pete pana ya kuvuta juu ya mkono. Ukikipokea, mshike mwenzako mkono mara moja, kiganja kwa kiganja. Utajua kama ni wa baridi, kama unatetemeka, kama anakushika au unamshika wewe tu. Mwangalie machoni. Hiyo ni huduma ya kwanza, na haichukui muda.

Anayefika anasema mambo matatu: njia ikoje, maji yamebaki kiasi gani pale katikati, na yeye mwenyewe yuko vipi. "Daraja linateleza. Maji yapo. Paja la kushoto linakaza." Imetosha. Asianze kujieleza kwa nini amechelewa. Na wewe unayepokea, tafadhali, usiangalie saa mbele yake. Nawasihi kwa hili kuliko yote niliyosema. Mtu ametoka gizani peke yake, kitu cha kwanza anachokitafuta ni uso wako. Ukimpa uso wa kuhesabu dakika, kipande chake kinachofuata ameshakipoteza kabla hajakaa. Sema aksanti, sema umefika, ondoka. Hesabu utaifanya njiani.

Njia nitaipitia haraka, kwa sababu wengine watawaeleza kesho. Njia zile si zetu. Zimekanyagwa na ndugu zetu wanaoleta makala, yaani mkaa, mjini, wanaosukuma baiskeli zenye magunia yaliyopanda juu kupita vichwa vyao, wengi wakitoka porini kabla jogoo hajawika. Baiskeli yenye mzigo ule ikianza kuteremka haisimamishiki kirahisi. Ukiiona taa yake au ukisikia mnyororo, toka njiani wewe, tena toka kabisa, na umsalimie mtu. Kama amekwama mlimani na unaweza, mpe msukumo. Waamuzi wameniahidi hawatamhesabia mtu kosa kwa hilo. Mahali palipoungua moto, msikanyage majivu karibu na visiki, kwa maana mizizi inaungua chini kwa chini na kuacha shimo lenye makaa. Na jioni, mchanga ukiwa bado na joto la mchana, nyoka kifutu, yule mfupi mnene, anapenda kulala njiani na hakimbii anaposikia hatua. Akimgonga mtu: msikate, msinyonye, msifunge kamba. Alale, mguu usitikisike, abebwe. Hapigi hatua hata moja.

Limebaki moja ambalo wawili hawapendi kuliongea mapema. Kwenye timu ya wawili, mmoja akisimama, wote wamesimama. Uzito huo unawafanya watu wakimbie na homa, wakimbie na mguu uliogeuka, kwa kuogopa kumwangusha mwenzao. Nimefanya kazi wodini miaka mingi, naijua sura ya mtu anayesema "niko sawa" kwa ajili ya anayemsikiliza. Kwa hiyo kaeni leo, wawili wawili, kabla hamjatoka kwenye ukumbi huu, mwambiane kwa sauti: ukiniambia huwezi, nitakubali mara ya kwanza, sitakuuliza mara ya pili, na nyumbani sitakukumbusha. Sisi tulishaambiana hivyo, mimi na mdogo wangu, sebuleni kwa mama, na mama akiwa shahidi. Tangu siku hiyo tunakimbia kwa kasi zaidi, kwa sababu hakuna anayebeba hofu ya kujificha.

Papa mwenyekiti, sasa ninakugeukia wewe na kamati, kwa heshima. Fedha nyingi za mbio hizi zimekwenda njiani: vibao, tepe za kung'aa, watu wa kusimama njia panda. Ni vizuri. Ninaomba na hema lipate haki yake. Moto mkubwa, lakini mbali na hema na nyasi zifyekwe pande zote, maana huu si msimu wa kuchezea cheche. Maji yaliyochemshwa, mapipa mawili yenye mifuniko. Choo cha wanawake kivyake, chenye taa, ili dada zetu wasilazimike kuingia vichakani gizani. Gari moja ambalo dereva wake halali wala hanywi. Na watu wawili wa kupokezana na orodha mkononi, kazi yao ni moja tu: kuwaamsha wanaongoja na kuita namba mkimbiaji anapovuka daraja.

Akina mama wa parokia yetu wameshakubali kupika chai na uji usiku kucha, nawapigia makofi hapa hapa. Blanketi tumekusanya, ila hazijatosha kwa timu zote. Mwenye moja ya ziada ailete Ijumaa jioni, iandikwe jina na itarudi. Kinachokosekana kabisa ni sufuria kubwa, ile ya misiba na harusi. Mwenye nayo, au anayejua nani anayo katika komini zetu za Kamalondo au Kenya hapa mjini, tuonane hapa mbele tukimaliza maswali.